Kinsi na Sanduku la Kampuni Mbili

Burao nzima, kwetu Somaliland, inamwita mama yangu mdogo Kinsi "Kampuni Gani", na wallahi hilo si jina mtu angejichagulia.

Lilianza siku wanawake wa kina Roble, mume wake wa baadaye, walipokuja kumkagua kabla ya posa. Shangazi yake Roble, hina mpaka kwenye viwiko, akamkazia macho na kumuuliza lile swali ambalo kwetu unaulizwa kabla hata chai haijapoa: "Mwanangu, wewe ni binti wa nani?" Hapo unatakiwa umwage majina ya mababu mmoja baada ya mwingine mpaka mtu akuhurumie aseme basi, inatosha. Lakini mama mdogo alikuwa ametoka dukani kwake, alikokuwa akiwapigia wateja simu tangu asubuhi, kichwa kimejaa milio. Akajibu kwa sauti ile ile ya kazini:

"Kampuni gani?"

Nyanya mmoja akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, na jina likafungwa pamoja nayo. Watoto wakamfuata nalo barabarani. Imamu akamwita hivyo mara moja, kwa bahati mbaya, anasema.

Nyinyi mliozaliwa juzi hamtaelewa, basi ngoja niwaelezee. Miaka ile Burao ilikuwa na kampuni mbili kubwa za simu. Nitaziita Kijani na Njano, rangi nimezibuni mwenyewe, kwa sababu bado nina laini na naipenda. Simu ya Kijani haikuweza kuipigia simu ya Njano. Kabisa. Ofisi zao zilitazamana, mlinzi wa huku aliweza kumrushia mlinzi wa kule ndizi, lakini simu haivuki barabara. Mtu mzima alitembea na simu mbili, mwenye mifugo mingi alitembea na tatu, na mfuko wa koti lake ulilia kama kreti ya vifaranga. Kwa hiyo mteja akiingia dukani kwa mama mdogo, swali la kwanza ni hilo hilo: unampigia mtu wa kampuni gani?

Duka lenyewe liko mkabala na soko la mifugo. Kinsi alilifungua baada ya kurudi kutoka kambi za wakimbizi za Ethiopia, ambako alijifunza kuunga nyaya kwa kuharibu redio za watu. (Yeye anasema alizitengeneza. Nimeongea na wenye redio.) Simu zikaja, kompyuta zikaja, halafu ikaja intaneti, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kila kampuni ilikuwa na dishi lake la kuvutia intaneti kutoka setilaiti huko juu. Ukikaa kwa Kijani ukamwandikia mtu wa Njano ng'ambo ya barabara, ujumbe wako ulipanda mbinguni, ukashuka Ulaya, ukapanda tena, ukashuka Burao. Ungeweza kuvuka kwa miguu ukampa mkononi, ukanywa na chai, na ungemkuta bado anasubiri.

Mama mdogo alilipia laini zote mbili, maana wateja wake walikuwa wa pande zote. Siku moja akawaambia mafundi wa kampuni hizo, vijana wawili waliojifanya hawajuani mbele ya mabosi lakini walikula maini na anjera, chapati zetu laini, meza moja dukani kwake kila asubuhi: "Hivi hizi laini zangu mbili, haziwezi kusalimiana?"

Wakaangaliana. Wakaangalia mlango. Wakaleta sanduku.

Sanduku lilikuwa dogo kama mkate, lina taa. Msiogope, nitaeleza kama yeye anavyoeleza. Simu ya sauti ni kama bwana harusi: inataka barabara nzima iwe yake mpaka imalize kuongea. Intaneti ni kondoo. Ujumbe unakatwa vipande vidogo, pakiti, kila kipande kina chapa ya mwenyewe. Kondoo wa watu tofauti wanaweza kwenda njia moja, wakanywa kisima kimoja, wengine wakapita kushoto na wengine kulia, na mwisho wa safari unawatenga kwa chapa. Hakuna anayepotea, hakuna anayekuwa wako kwa sababu tu amepita kwako. Sanduku lile ndilo lilikuwa njia panda. Ujumbe wa Kijani kwenda Njano ulivuka moja kwa moja dukani kwa Kinsi, na dishi la mmoja likizimika, kondoo wake walipita kwa mwenzake.

Mabosi hawakujua. Mpaka upepo wa kiangazi ulipoangusha dishi la Kijani.

Meneja wa Kijani, Guled, kijana wa tai aliyesoma Finland, alikaa ofisini akisubiri wateja waje kumtukana. Hakuja mtu. Dishi limelala chini kama sufuria na watu wanasoma barua pepe zao kama kawaida! Akafuata kebo. Meneja wa Njano, Warfa, mzee wa ndevu za hina, naye alishangaa laini yake imekuwa nzito ghafla. Akafuata kebo. Wakakutana mlangoni kwa mama mdogo, na hawakusalimiana.

"Mwambie huyu bwana," Warfa akasema, akiangalia dari, "kwamba watu wake wamenywa kisima changu bila kubisha hodi."

"Mwambie huyu mzee," Guled akasema, akiangalia sakafu, "kwamba sikumwomba maji na siyahitaji."

"Ambianeni wenyewe," Kinsi akasema. "Mmesimama hapo mnagusana mabega kama abiria."

Walikasirika kwa sababu tofauti, na hiyo ndiyo raha yake. Warfa aliona ameibiwa. Guled aliona ameokolewa na adui, ambayo ni mbaya zaidi. Lakini kwenye jambo moja walikubaliana bila kuongea: Kinsi achague. Laini moja, kampuni moja, na sanduku litupwe. La sivyo wote wawili wanakata.

"Dada, si jambo gumu," Guled akasema. "Chagua tu."

"Mimi ni mama wa duka, si mali ya mtu. Sichagui."

"Shauri lako, binti," Warfa akasema.

"Ni langu ndiyo. Na mnapotoka, tokeni mmoja mmoja, mlango ni mwembamba na nyinyi hamuongei."

Laini zote mbili zikakatwa kabla adhuhuri haijaadhiniwa.

Sasa msifikiri alikuwa na akiba ya kuringia. Lori la maji la Roble lilikuwa limekufa injini, na nyumba nzima ilikula kutoka dukani hapo. Bila intaneti, duka lilikuwa kibanda cha soda. Hata Roble, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwaona, alimwambia, "Mama watoto, chukua Kijani basi, yaishe."

"Nikichukua Kijani, nusu ya mji itapita mlangoni kwangu bila kuingia. Na mwakani Kijani ataniambia nilale ubavu gani."

Roble akarudi kwenye injini yake. Anaijua ile sauti.

Asubuhi iliyofuata akafungua duka kama kawaida, akaweka kiti nje, na ukutani akaandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA INTANETI. WANAUME WAWILI HAWASALIMIANI.

Jamani! Watu walitoka mtaa wa pili kuja kusoma. Wengine walisoma kwa sauti wakipita mbele ya ofisi za wahusika. Guled alimtuma mlinzi akafute, mlinzi akarudi akasema rangi imekauka, na alikuwa bado anacheka.

Lakini kucheka hakulishi mtu, na ilikuwa karibu na Hija, msimu ambao kondoo wanashuka bandari ya Berbera kupanda meli za Jeddah. Madalali wa soko walipata habari za meli dukani hapo, kwa sababu nusu ya watu wao walikuwa Kijani na nusu Njano, na pale tu ndipo walipokutana. Wakaja, wakiongozwa na Jirdeh, dalali mwenye sauti ya lori bovu.

"Mwanangu, tunaumia. Chagua mmoja."

"Ami Jirdeh, nawe pia?"

"Hawa hawatapatana. Kila mmoja anaogopa kusikika amelegea. Atakayesema 'sawa' kwanza, mji utamcheka mpaka wajukuu."

Kinsi akamwangalia. "Kwani nyinyi mnauzaje ngamia mbele ya soko zima na hakuna anayesikia bei?"

Jirdeh akashika shuka lake la begani.

Ni hivi: kwetu bei haisemwi. Dalali anafunika mikono kwa shuka, anashika vidole vya muuzaji, halafu vya mnunuzi, na vidole vinaongea. Nani alishuka, nani alipanda, anajua dalali peke yake.

"Wewe ni mwanamke," Jirdeh akasema. "Utashikaje mikono ya wanaume wa watu?"

Kinsi akaingia ndani, akatoka amevaa glavu nyeusi hadi viwikoni. "Kuna shida nyingine? Nivae na buti?"

Jirdeh akavua shuka la begani akampa.

Mameneja walikuja sokoni kwa sababu madalali waliahidi kwamba asiyekuja atatungiwa wimbo wa kumcheka. Soko lote likasimama duara, na ngamia nao, kwa sababu ngamia ni wambea. Kinsi akasimama katikati na kusema swali mara moja, kwa sauti: "Dishi la mwenzako likianguka, katika njia yako utampisha mafungu mangapi kati ya kumi? Jibu kwa mkono."

Akaenda kwa Warfa, shuka likafunika mikono. Akaenda kwa Guled. Akarudi kwa Warfa. Nyuso zao zilikuwa kavu kama ukuta, lakini watu wanaapa tai ya Guled ililowa. Mara moja Warfa aliguna, "Huyu ananifinya!" na Kinsi akasema, "Ndiyo, ongeza." Akaenda, akarudi, akaenda. Halafu akatoa mikono, akalikunja shuka taratibu.

"Wamekubaliana."

Mafungu mangapi? Nimemuuliza mara mia. Nimemnunulia hadi manukato. Hasemi.

"Bado haki ya dalali," akaendelea. "Sanduku linabaki dukani kwangu, ufunguo kwangu, laini zote mbili kwangu. Na hakuna atakayekuja tena kuniambia nichague."

"Hapana, dada," Guled akasema. "Chombo kama hicho hakikai karibu na friji la soda. Tutajenga chumba, chetu sote, kisichohusiana na…"

Kinsi akaanza kuvua glavu. Kidole kimoja. Kingine. Kila mtu pale alijua maana yake: dalali akijitoa, hakuna mauzo, na wote wawili wanarudi nyumbani mikono mitupu mbele ya mji mzima.

"Haya," Jirdeh akanguruma, "nani anaondoka wa kwanza? Tumwone vizuri."

Hakuna aliyetikisika. Glavu moja ikatoka yote. Akaanza ya pili.

"Abaki nalo," Warfa akasema.

"Nilikuwa nasema hivyo hivyo," Guled akasema, akimwangalia Warfa usoni kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Soko likaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho wakasalimiana, maana hakukuwa na namna.

Laini zilirudi jioni ile. Simu za sauti ziliendelea kununiana kwa miaka, lakini pakiti zilivuka barabara kuanzia siku hiyo. Sanduku limebadilishwa mara kadhaa, na kampuni zimejenga majumba ya vioo. Wakija kumwambia mama mdogo kwamba sasa wakati umefika, chombo kihamie kwenye vioo, anawasogezea kiti, anawapa chai ya maziwa, na kuwaambia leteni hicho kipya, nafasi ipo hapa karibu na friji. Wanakileta.

Sasa zamu yenu. Najua kuna mama, shangazi au nyanya huko kwenu aliyewahi kukaa katikati ya wakubwa wawili akasema sichagui. Alisema nini hasa, na walifanya nini? Niandikieni hapo chini, kwa maneno yake, hata kama yana matusi kidogo.