Ndege ya Jirani na Petroli ya Baba

Juzi nilikwenda Sumbawanga kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Tulikuwa tumekaa na baba chini ya turubai pale kijana wa picha aliporusha kile kidege chake cha kamera. Kikavuma juu ya vichwa vyetu, watoto wakashangilia. Baba akageuza kiti, akakipa mgongo. Watu walidhani jua linamsumbua. Mimi nilijua anakumbuka nini, au nadhani nilijua. Kumbukumbu zangu si za kuapia.

Wewe uliyekua miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, utanielewa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa vitu ghafla, na hakuna aliyejua kipi cha kweli. Betri zilikufa kabla taarifa ya habari haijaisha. Sabuni haikutoa povu. Bibi alikuwa akisema kitu kigeni kisalimie mlangoni, usikipe kiti. Baba naye akaanza kuuza petroli kwa chupa, kando ya barabara ya kwenda Tunduma, na mama akalalamika kwamba hata ugali wa ulezi unanuka pikipiki. Wanunuzi wote walikuwa na kipimo kimoja: tone kwenye kiganja, unapuliza. Kiganja kikikauka na kubaki cheupe, petroli ni safi. Kikibaki kinang'aa, umechanganyiwa mafuta ya taa. Baba hakuchukia. Alikuwa akinyoosha chupa mwenyewe: "Pima, ndugu yangu, usiniamini."

Jirani yetu mwenye duka na lori aliwaletea wanawe ndege ya kuchezea kutoka Dar es Salaam, yenye injini ya kweli ya petroli, mpya, bado ina grisi ya kiwandani. Haikuruka huru, uliishika kwa nyaya mbili, nayo ikakuzunguka kama mbuzi kwenye kamba. Siku ya Idd, baada ya pilau, akaipeleka uwanja wa mpira, mtaa mzima ukamfuata. Petroli alikuwa amechukua kwa baba.

Injini ikagoma. Jirani alizungusha pangaboi lake mpaka kidole kikachubuka. Akafungua plagi, imelowa. Akaifuta kwa kanzu mpya, akaigusisha kwenye chuma, akazungusha tena. Cheche ikaonekana. "Moto upo," akasema. Akapuliza mpira wa mafuta, unapitisha. Basi kikabaki kitu kimoja, na macho yakaanza kumtafuta baba.

Kijana mmoja wa stendi alichovya kidole kwenye tangi la ndege, akapaka kiganjani, akapuliza. Kiganja kikang'aa.

"Oya! Mafuta ya taa haya!"

"Mzee, wekeni utambi basi, itawaka!"

"Ndege wapi? Koroboi hiyo!"

Baba akasema, "Petroli yangu ni safi, jirani. Waambie." Jirani akakitazama kile kiganja, akamtazama baba, akainama kurudishia plagi. Tangu siku hiyo baba akaitwa Mzee Koroboi, na chupa zake zikashinda juani bila mtu.

Asubuhi moja, katika baridi ile ya kwetu ya kuvalia makoti mawili, jirani alikuja na chupa yenyewe, imebaki nusu. Wakapima uani. Kiganja kikakauka, cheupe. Wakapima tena, cheupe. Hapo mke wa jirani, aliyekuja nyuma yake, akasema, "Baba watoto, ile ya kwenye ndege si uliikorogea oili kwenye kikombe changu? Mpaka leo hakijatakata."

Ndivyo ilivyokuwa. Injini ya namna ile hunywa petroli iliyotiwa oili, na oili ndiyo iliyong'aa. Jirani alisema zogo la watu lilimsahaulisha. Inawezekana. Inawezekana pia alikumbuka pale pale, akaona aibu kusema. Sikuwa moyoni mwake, sitamwonea.

Na ugonjwa wenyewe wa injini? Jirani akasema hata lori lake likipanda huku juu kwetu hutoa moshi mweusi, kwa sababu hewa ni nyepesi na mafuta yanazidi. Akakaza skrubu ya kabureta kidogo kidogo, injini ikaitika. Tukaenda uwanjani, sisi na wao tu. Ikaruka, ikilia kama nyuki aliyefungiwa. Shahidi mwingine alikuwa mchungaji mmoja wa Kisukuma, ambaye ng'ombe wake walitimka, naye akawafuata huku anatutukana. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Sijamwona akicheka hivyo tena.

Jirani alimwambia kila mteja dukani kwake: "Nilikosea mimi, mafuta ya yule ni safi." Watu waliitikia, "Haya," wakatoka nje wakasema wafanyabiashara hao wameshaelewana. Kadiri alivyomtetea ndivyo walivyozidi kushuku. Mwishowe baba aliacha petroli, akageukia samaki wakavu wa ziwani, migebuka ya Wampembe. Hata samaki hao wateja waliwanusa kwanza.

Ili nitende haki, niseme na hili: nyumbani tulikuwa pia na debe la mafuta ya taa, na faneli ilikuwa moja. Nilimwona baba akiifuta kwa kitambaa kabla ya kuihamisha. Kuifuta aliifuta. Kila mara? Sikuwepo kila mara.

Uwanja ule sasa umejaa nyumba. Jirani alihamia Mbeya, akafia huko. Petroli inauzwa kwa mashine, na anayekuuzia humjui hata jina. Nilitaka kuandika kwamba tumepoteza kuaminiana, halafu nikajiuliza kama tuliwahi kuwa nako. Jioni ya harusi, nikimsindikiza baba nyumbani, nilimuuliza: "Baba, ile petroli ilikuwa safi siku zote?"

Akasimama. "Wewe tulikaa nyumba moja. Ulionaje?"

Nikasema ilikuwa safi. Lakini nilichelewa kidogo kujibu, na baba alikuwa ameshaanza kutembea.