Gazi Iliyomukuta Zorobabel

Zorobabel alizikwa Katanga, na muke yake Débora akapata habari kisha siku tatu, kwa simu. Kule kwao Bulengera batu bakasema wenzake wa kazi ndio balimuloga, maana mwanaume mwenye nguvu hawezi kuanguka hivi, bila kidonda, bila homa. Débora hakubisha. Aliendelea kuuza maharagi sokoni, lakini mu korali ya kanisa hakurudi tena.

Mu mwezi wa pili kisha maziko, Kambere akafika. Ni kijana wa Butembo, alichimba makala pamoja na Zorobabel mu mugodi, na jina lake ndilo lilitajwa zaidi mu ile maneno ya uchawi. Chai ikapoa mukononi mwake. Débora akamuomba jambo moja tu: amuelezee bwana yake alikufa namna gani.

Kambere akasema makala ya kule haitoke mu miti. Ni jiwe nyeusi ya chini ya udongo. Kwa macho ni nzima, kumbe ndani iko na matundu madogo sana, na gazi imejishika humo. Uzito wa udongo na maji ya chini vinaibana myaka na myaka. Maji ikitolewa, gazi inaachilia jiwe, inatoka polepole. Haina harufu. Inakamata nafasi ya hewa, na mutu anaanguka mbele ya kuelewa.

"Nani alikuwa anatoa maji?" Débora akauliza.

Kambere akatazama chini. "Ni yeye, Mama Débora. Pompe ya maji ilikuwa kazi yake, na aliifanya muzuri. Ventilateur, ile ya kuingiza hewa chini, ndiyo ilikufa, na chef wa mugodi akasema tuendelee."

Mu simu ya mwisho, Zorobabel alimuambia kwa furaha: maji imeisha mu mugodi. Na Débora akamushukuru Mungu. Sasa akafunika uso na kikwembe, kitambaa alichojifunga, akalia mbele ya mugeni bila haya.

Kesho yake akapanda pikipiki mupaka Luofu, kwa mama mukwe wake Berthe, ambaye alikuwa analaani jina la Kambere kila asubui mbele ya kwenda shamba. Akamuelezea mara tatu: jiwe, maji, gazi.

"Basi hapana mutu alimuloga," Berthe akasema. "Mutoto wangu, nilikuwa na mutu wa kuchukia, na ile ilikuwa inanisaidia kuamka."

Débora akaikala karibu yake. Siku ile hakuna aliyeenda shamba.