Vidole Viwili vya Eliezeri

Joho langu la kwaya linanipwaya, na ya wenzangu yote yanapwaya vilevile. Tukisimama kuimba na upepo ukashuka kutoka mlimani, tunavimba kwa pamoja kama magunia. Aliyetushonea ni jirani yangu Eliezeri, fundi cherehani wa hapa Machame, na ukimlalamikia anakupa jibu lilelile la miaka thelathini: "Nguo lazima ipumue." Akikupima, huchomeka vidole viwili kati ya futi na mwili wako. Uwe bibi harusi, uwe mtoto wa darasa la kwanza, ni vidole viwili. Nimegombana naye mpaka nimechoka.

Miaka minne iliyopita alikuja mtafiti wa misitu, Dainess, mwenyeji wa Mbeya anayeishi Njoro, kule mjini Moshi. Alitafuta mtu wa kupima unene wa miti mia na ishirini katika msitu ulio juu yetu, kila baada ya miezi mitatu. Vijana walijitokeza na simu zao. Eliezeri alikuja na futi shingoni, akamtazama Dainess toka juu hadi chini, akamtajia kipimo cha kiuno chake bila kumgusa. Dainess aliona aibu, kisha akampa kazi.

Nilikuwepo alipomweleza. Alisema viwanda na magari ya dunia nzima yanaijaza anga hewa ukaa, na hewa hiyo ni chakula cha miti: mti huivuta kwa majani, ukaigeuza kuwa mbao. Sasa watu wanataka kujua, chakula kikizidi, miti itanenepa zaidi na kutupunguzia hewa hiyo? Au itakwama kwa kukosa maji na rutuba?

"Kwa hiyo mwanangu," Eliezeri akasema, "unataka kujua kama shibe inaonekana kiunoni."

"Hasa, mzee wangu."

Basi mzee akapata wateja wasiolalamika. Sisi suruali za Krismasi tulizipata Pasaka, lakini ile miti hakuichelewesha hata siku moja. Akirudi kutoka msituni anatusimulia habari zake huku tunakunywa mtori wa ndizi. Mti wa podo namba kumi na mbili, yule wa bondeni karibu na kijito, ameota kitambi. Namba themanini na nane, yule wa juu ukingoni kwenye mawe, habadiliki. "Huyo ananiumiza roho," alikuwa akisema, kama vile ni mpwa wake aliyekataa kula.

Mwaka huu, mwezi wa saba, goti likamgomea. Dainess akapanda kupima mwenyewe, akashuka amekunja uso. Miti yote mia na ishirini ilikuwa imekonda! Mti haupungui kiuno kama mtu aliyetoka kuugua malaria. Kabla wiki haijaisha, maneno yalishaenea hadi uwanja wa kanisa: Eliezeri alikuwa hapandi msituni, alikuwa anajaza daftari akiwa ameketi jikoni kwake. Nilikasirika kuliko yeye. Eliezeri anaweza kukushonea gunia akaliita joho, lakini si mwongo.

Siku mbili hakugusa chakula. "Jina langu likichafuka kwa hili," aliniambia, "nani atakubali hata nimpime suruali?"

Goti lilipopoa tulipanda watatu, mimi nikiwa nimejialika mwenyewe. Dainess akamwomba apime mti wa kwanza mbele yetu. Eliezeri akaizungusha futi usawa wa kifua, akaikaza, na kabla ya kusoma, vidole viwili vikapenya chini ya futi vyenyewe, bila kuulizwa.

"Mzee, hivyo vidole vinafanya nini?"

"Vidole gani?" Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Ah. Mti nao si lazima upumue?"

Nilicheka mpaka nikaushika ule mti nisianguke. Halafu nikamwona usoni, kicheko kikaniisha. Alikuwa analia. Alishuka peke yake, na hakuitika nilipomwita.

Asubuhi yake alikuja kwangu, ambako Dainess alikuwa amelala, akampa jani la sale kwa mikono miwili. Dainess akashukuru, akaanza kufukuzia inzi. Ikabidi nimweleze haraka kwamba kwetu Uchagani mtu akikuletea sale anaomba msamaha, na haifai kumkatalia.

Akaliweka mezani taratibu. "Mzee, umewahi kupima bila vidole?"

"Hata mara moja, mwanangu."

"Ni vidole hivihivi siku zote?"

"Ninavyo vingine?"

Dainess akamsogezea daftari. Tofauti ya vipimo vyake na vya mzee ilikuwa karibu sentimita mbili na nusu kwa kila mti, mnene kwa mwembamba. "Mwongo hawezi kukosea sawasawa mara mia na ishirini," alisema. "Na mimi natafuta mti umeongezeka kiasi gani. Ulizidisha kilekile kila safari, kwa hiyo ongezeko ni la kweli. Hujaniharibia kitu. Endelea kupima, na hivyo vidole usivitoe."

Nilipiga vigelegele. Eliezeri hakufurahi kama nilivyotazamia.

"Kwa hiyo yule wa bondeni amenenepa kweli?"

"Kweli."

"Na themanini na nane?"

Dainess akafunua ukurasa. "Sifuri, mzee. Miaka minne. Chakula kimejaa hewani, lakini pale kwenye mawe udongo ni mwembamba na maji hayakai. Hawezi kula bila kunywa."

Mzee akavitazama vidole vyake viwili.

"Watoto wa shule nawaachia nafasi hiyohiyo," akasema. "Januari sare inapwaya, Novemba wameijaza. Huyu nimemwachia miaka minne, hajaijaza."

Akanyoosha mkono, akalichukua sale lake mezani.

"Unalichukua tena?" Dainess akashangaa.

"Wewe umesema sijakukosea. Nampelekea aliyekosewa, yule wa kwenye mawe niliyemngoja anenepe bila maji."

Akachukua fimbo, na goti lake lile bovu, akaanza kupanda. Nilimfuata nyuma.