Chupa na Dirisha la Kwetu

Nilikuwa nafagia uwanja asubuhi niliposikia ti ndani ya nyumba. Sauti ndogo, kama ukucha unaokatwa. Nilisimama na ufagio mkononi. Baada ya muda kidogo ikaja nyingine. Ti.

Niliingia nikaangalia kopo la nyanya lililokuwa karibu na mkeka wangu. Ndani nilikuwa nimeacha shanga nne, masalio ya kumi na nane nilizotengeneza kwa ajili ya mtoto wa yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa. Mbili zilikuwa zimegawanyika katikati. Hakuna mtu aliyezigusa. Niliokota kipande, kikanikata kidole.

Shanga kumi na nne zilizobaki zilikuwa kiunoni mwa mtoto wa wiki tano, ng'ambo ya mto Lukuga.

Nilipiga simu ya yaya. Imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Shangazi, dada ya baba, ambaye ninaishi naye, alikuwa ametoka mapema kuokota chupa kwenye mabaa. Nilizunguka chumba. Nilifunga kopo, nikalifungua, nikalifunga.

Kazi ya shanga nilifundishwa na huyo shangazi, tangu ziwa lilipopanda na kuchukua nyumba yetu, na wazazi wakahamia Niemba kulima. Tunasaga chupa kwenye kinu cha chuma, tunachekecha unga wake, tunaujaza katika vishimo vya kibao cha udongo. Vishimo vinapakwa kwanza chokaa ya Kabimba, kioo kisigande. Katikati ya kila kishimo tunasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Kijiti kinaungua na kuacha tundu la uzi. Majani yenyewe tunapika sombe, mboga yetu. Kibao kinaingia kwenye tanuru dogo, mimi navukuta mpaka unga uwake na kushikana, kisha tunakifukia ndani ya majivu mpaka kesho yake. Kungoja ndiko kunakonishinda. Shangazi husema nitatoboa njia kwa kuzunguka lile tanuru.

Alikuwa na sheria moja. Kila chupa na kopo lake: kopo la kijani, kopo la kahawia, kopo la nyeupe. "Usichanganye," alisema siku ya kwanza. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Nilifikiri ni mambo ya rangi tu.

Maji yalipofika kizingitini kwetu, baba alichomoa vioo vya dirisha, vile virefu vinavyopangwa kama mbavu, akavifunga kwenye kitenge. Vilivyofika salama vilikuwa viwili. Yaya alipojifungua, nilitaka mtoto avae kitu cha nyumba ambayo hataiona. Kulisema jambo kama hilo kwa mdomo nisingeweza. Kwa hiyo siku moja shangazi hayupo, nilivunja kioo kimoja, nikakisaga, na katika kila ushanga wa kijani wa chupa ya bia nikatia mstari wa unga wa dirisha. Zilitoka na mstari mweupe kama maziwa. Shangazi alizigeuza kwenye kiganja, akasema mkono wangu umeanza kukomaa. Sikumwambia kilichomo.

Niliondoka mbio. Nilipofika daraja la Lukuga nilipunguza mwendo, maana nilikuwa bado sijapata la kusema. Nilijaribu sentensi moja: shanga nilizomletea mtoto zinapasuka zenyewe. Niliisikia kwa masikio ya mama mkwe wa yaya, nikaiacha. Nikajaribu: nimekuja kuziosha. Uongo, na mwepesi. Nilivuka daraja bila sentensi yoyote.

Mama mkwe alikuwa uwanjani akianika ndakala, dagaa wa ziwani, juu ya turubai. Ni mama mwenye sauti kubwa, na mimi mbele ya sauti kubwa nakuwa mdogo zaidi.

"Karibu, mama mudogo!" aliita. Tangu mtoto azaliwe haniiti kwa jina. Halafu akatazama chini. "Mbona leo uko na miguu ya watu wawili?"

Nilitazama. Kandambili moja ilikuwa yangu, nyingine ya shangazi.

"Yaya yuko wapi?"

"Ameenda kuteka maji. Simu haina moto. Mutoto ni huyu hapa, amelala. Unajua, kila muntu anayefika hapa ninamufunulia aone kiuno. Mama pasta alikuja jana. Alinyamaza! Mimi sijapata kuona mama pasta akinyamaza."

Nilijaribu kucheka. Niliomba kumshika mtoto. Akanipa, akarudi kufukuza kuku waliokuwa wanavamia samaki wake. Nilimpa mgongo. Niliingiza vidole chini ya nguo ya mtoto, nikazikuta, zina joto la mwili wake. Zote zilikuwa bado nzima. Nilivuta uzi, haukukatika. Nilikuwa nimezitunga mwenyewe kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, nikijisifu kwamba huo haukatiki. Basi niliinamisha kichwa, nikaanza kuutafuna kwa meno.

"We! Unamuuma mutoto?"

Mama mkwe alikuwa amesimama juu yangu, mikono imejaa magamba. Mtoto aliamka akalia. Alinipokonya.

"Nakata shanga," nilisema.

"Kwa sababu gani? Tumekukosea nini? Zawadi unatoa na mukono, unaiba na meno?"

Nilinyamaza. Ndivyo ninavyofanya siku zote, na watu huniacha. Yeye hakuniacha.

"Sema. Mudomo unao, nimeuona sasa hivi."

"Zinapasuka."

"Nani anazipasua?"

"Hakuna muntu. Zenyewe."

"Zenyewe." Alilirudia neno hilo polepole, akamhamishia mtoto bega la pili, mbali nami. "Binti, kitu kinachopasuka chenyewe kwa kiuno cha mutoto, watu wanakiitaje?"

Nilijua wanakiitaje. Nilijua pia jina hilo likishatoka uwanja huu sitakanyaga tena hapa, wala sitamshika mtoto yule. Niliinua kidole changu kilichokatwa, nikamwonyesha.

"Ni kosa langu, Mama. Nimeacha zingine nyumbani, mbili zimepasuka leo asubuhi. Nilichanganya vioo. Shangazi alinikataza, mimi nikachanganya. Zinakata. Tafadhali mvue, hata kama hunipendi tena, mvue tu."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo katika nyumba ile. Yalitoka yakigongana.

Alichukua kisu cha samaki, akakifuta, akakata uzi. Alimkagua mtoto kunjo kwa kunjo, tumbo na mgongo. Hakukuwa na kitu. Kisha aliweka shanga ndani ya sahani ya bati, akaiweka sahani juu ya kiti katikati ya uwanja, akaketi upande mmoja na mtoto.

"Keti," alisema. "Tutaangalia kama uko na akili ao unanidanganya."

Tukakaa. Jua lilipanda. Kuku walikula ndakala na hakuna aliyewafukuza. Nilitaka ushanga upasuke ili niaminike, halafu nikaona vibaya kuutakia hivyo, halafu nikataka tena.

Yaya alirudi na ndoo kichwani. "Kuna nini hapa? Mnafanya maombi kwa sahani?"

"Mudogo wako anasema hizi zitaanguliwa," alijibu mama mkwe. "Tunangoja vifaranga."

Ilinibidi kueleza upya. Yaya alisikiliza bila kutua ndoo, maji yakimdondokea begani. "Ulichanganya chupa na nini?"

"Na dirisha la kwetu," nilisema. "La chumba cha mama."

Hapo aliitua ndoo. Alisogea kwenye kiti, akainama juu ya sahani, akaangalia ile mistari myeupe mmoja mmoja. Hakuzigusa.

Ti.

Kipande kiliruka hadi ukingoni mwa sahani. Mama mkwe aliita jina la Yesu, akasogeza kiti chake nyuma. Yaya alibaki ameinama, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Kumbe anacheka.

"Ni mama yetu huyo," alisema akijifuta macho. "Hakukubali hata siku moja chupa ya bia iingie nyumbani mwake. Baba alikuwa anazificha kwa mitumbwi. Mpaka leo mama anaifukuza!"

Mama mkwe alicheka pia, lakini alichelewa, na mtoto alibaki bega lile la mbali. Nilipoaga, alinisindikiza hadi njiani.

"Utatengeneza zingine," alisema. "Lakini utavaa wewe kwanza. Kiuno chako. Mpaka mutoto aote jino. Jino likitoka na wewe huna alama ya kukatwa, utaleta."

Nyumbani nilimweleza shangazi yote. Hakugomba. Alitoa kwenye kopo vipande vya zile shanga mbili, akaviweka kwenye mwanga. "Kila kioo kinasinyaa kwa namna yake kikipoa. Cha chupa na cha dirisha vimekuwa vikivutana tangu siku ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilikisaga kioo cha pili, cha mwisho, bila chupa yoyote. Shangazi aliniacha nipange kibao peke yangu, na kwa mara ya kwanza niliuliza kila kitu: kiasi cha chokaa, rangi ya moto, muda wa majivu. Tuliziacha kwenye majivu siku mbili. Nilizunguka tanuru mpaka akanituma kuteka maji ambayo hatukuyahitaji. Zilitoka za rangi ya ukungu, si nzuri kama zile za kijani. Shangazi alizifunga zote kumi na nne kiunoni mwangu, kwa uzi wa pamba unaokatika ukivutwa.

Tangu hapo nalala ubavu. Mlango ukilia, mkono wangu unakwenda kiunoni kabla sijafikiri. Nikivukuta nasimama ghafla, nasikiliza, shangazi ananicheka. Mtoto sasa ana miezi mitano. Jana yaya alipiga simu kusema ufizi wa chini umevimba na anauma kila kitu, hata kidole cha bibi yake.

Nimezihesabu tena sasa hivi, kwa vidole, juu ya nguo. Ziko kumi na nne.