Mkono wa Shilinde

Mzee Nazari wa Idete alikuwa na jina la Kikristo tangu siku aliyozaliwa, ila maji ya ubatizo hakuyapata. Jina alipachikwa na mkunga aliyempokea, mama mmoja mcha Mungu. Baba yake, mtu wa mizimu na mtumbwi wake, akasema jina halina ubaya, lakini mtoto hapelekwi kanisani. Basi akakua hivyo hivyo. Kijiji kizima kilidhani amebatizwa, naye hakujisumbua kumsahihisha mtu. Akamwoa Febronia kimila, mahari ikatolewa, wakazaa, wakapata na wajukuu. Lakini Febronia alikuwa Mkatoliki tangu utotoni, na kwa kuwa ndoa yake haikubarikiwa, miaka yote hiyo alibaki kwenye benchi wenzake wakienda kukomunika. Alikuwa akikunja magoti pembeni ili wapite. Krismasi, siku ambazo Nazari naye alijitokeza kanisani, aliyaona magoti yale yakikunjwa, akageuza macho akatazama dirisha.

Usimdhanie mtu mbaya, jamani. Alikuwa mkaidi tu. Ukimwambia njoo kanisani, anakujibu kanisa limejengwa kwa tofali, halitakimbia, atalikuta.

Kilichomgeuza hakikuwa mahubiri, kilikuwa mkokoteni. Masika ya mwaka juzi mguu wake ulivimba akawa hawezi hata kuukanyagia, na maji yalikuwa yamefunika njia, bodaboda hazipiti. Jirani yake wa shamba, Shilinde, Msukuma aliyehamia bondeni kutoka Maswa na ng'ombe zake, akafunga maksai, akamlaza mzee juu ya majani makavu, akamvusha kwenye maji yale mpaka barabarani walikopata gari la kwenda Ifakara. Hakuishia hapo. Alikaa naye hospitalini, akimnawisha, akimlisha uji, na jioni akisali rozari kwa lafudhi yake nzito ya Kisukuma. Nazari alikuwa akilala macho yamefumbwa lakini masikio yako wazi.

"Nikipona nitabatizwa," alimwambia Febronia siku moja. "Na wa kunisimamia ni huyu huyu Shilinde."

Febronia alitoka nje ya wodi akalia kwa furaha, hadi muuguzi akamuuliza amefiwa na nani.

Kumbe mzee alikuwa amejifunga kamba mwenyewe. Maana kati yake na Shilinde kulikuwa na jambo, na jambo lenyewe Shilinde hakulijua.

Wakulima wa mpunga wa bonde hili hawahitaji kuelezwa habari za kwelea. Mpunga ukianza kukomaa, ndege hawa huja kundi zima, wakitua shambani kwa muda mfupi tu umebaki na makapi. Ndiyo maana watu huhamia mashambani, wakajenga madungu ya miti ya kukalia juu, wakafunga makopo kwenye kamba zinazopita shamba zima. Unavuta kamba, makopo yanapiga kelele, ndege wanaruka. Na kuna jambo moja hata mlevi wa kijiji analiheshimu: jirani akipata msiba akasafiri, shamba lake unaliamia wewe, unamfukuzia ndege mpaka arudi. Huombwi mara mbili. Leo kwake, kesho kwako.

Shilinde alipofiwa na mama yake, alikuwa bado mgeni Idete. Akaja kwa Nazari, akasema, "Mzee wangu, ninakwenda kuzika. Shamba nakuachia." Nazari akamwambia nenda mwanangu, pole sana. Na pole ile ilikuwa ya kweli. Lakini siku ya pili, akiwa juu ya dungu lake, alitazama mpunga wa Shilinde ukiwa umeinamisha vichwa kwa uzito, mzuri kuliko wake, na wivu ukamkaba. Mtu amekuja jana tu, hajui hata mto huu una vina vingapi, mpunga wake unanishinda mimi niliyezaliwa hapa? Akashuka. Akaikata kamba ya makopo ya Shilinde kwa panga. Akarudi juu, akawa anawafukuza ndege wake wote kuelekea upande ule.

Shilinde aliporudi alikuta mabua. Akaitazama kamba, akasema panya hawa balaa. Kisha, sikiliza hili, akamletea Nazari jogoo mwekundu wa shukrani, kwamba mzee alijitahidi, ndege walimzidi. Nazari akampokea. Febronia akampika kwa nazi. Mzee alitafuna paja moja akasema jogoo huyu mgumu, akaacha.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya msimu, Shilinde alikuwa akipaza sauti kutoka shambani kwake, "Shikamoo, mzee wangu!" Nazari akaitika marahaba huku akijifanya anatafuta kitu chini ya dungu.

Sasa tuje kwenye mafundisho. Fridolin, katekista wa kigango chao, kanisa dogo lisilo na padri wa kukaa, alikuwa kijana mcheshi, na Nazari ndiye aliyekuwa mwanafunzi mzee kuliko wote, amekaa katikati ya watoto wa komunyo ya kwanza magoti yakimgusa kidevu. Siku walipofika kwenye somo la ubatizo, Fridolin akasema, "Maji haya yanafuta dhambi zote."

"Zote?" Nazari akauliza.

"Zote, babu."

"Hata ya zamani?"

"Hata ya zamani."

"Na haina haja ya kumwambia mtu?"

"Kwa anayebatizwa, padri hahitaji kukuungamisha kwanza. Unatubu moyoni."

Wee! Mzee alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi. Fridolin akamchokoza kwa nyuma, "Ila babu, baba wa ubatizo ni baba! Itabidi umwamkie Shilinde shikamoo!" Nazari akajibu bila kugeuka kwamba siku atakayompa shikamoo mtu wa umri wa kifungua mimba wake Restuta, mto Kilombero utapanda mlimani.

Padri alipanga kuja Januari, Jumapili ya Ubatizo wa Bwana. Pasaka isingewezekana, maana wakati huo maji hutawala njia na kigango hukaa miezi bila misa. Mambo yote yangekuwa siku moja: Nazari abatizwe, ndoa ibarikiwe, Febronia akomunike. Febronia alishona gauni la kitenge cheupe chenye maua ya bluu, akalitundika ukutani, kila akipita analigusa.

Jumamosi mchana wakafanya mazoezi kanisani. Fridolin akamwambia Shilinde, "Wewe unasimama nyuma yake, unaweka mkono wa kulia begani." Shilinde akauweka. Mkono mpana, umekauka kwa jembe. Ulikuwa umetulia pale bila wasiwasi wowote, mkono wa mtu anayekuamini, na Nazari akahisi jasho linamtiririka mgongoni. Aliweza kumficha Shilinde jambo lile. Aliweza hata kujidanganya kwamba Mungu atalifuta kimyakimya. Kusimama mbele ya Mungu huku mkono ule umemshika, hapana. Hakuweza.

Alipofika nyumbani akamwambia mkewe yote: kamba, panga, jogoo.

Febronia alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama kwenye ungo.

"Nikimwambia, ataondoka," Nazari akasema. "Na akiondoka hakuna wa kunisimamia, na padri hatarudi mpaka kiangazi. Na wewe umengoja..."

Febronia alilitazama gauni lile ukutani, kisha akamtazama mumewe. Alikasirika, tusifiche, alimwita mwizi, akamwambia laiti angejua, jogoo yule asingempika. Halafu akauweka ungo chini.

"Benchi nimelizoea, baba Restuta," akasema. "Nitakaa tena. Lakini sitakwenda kumpokea Yesu kwa kupitia mgongoni kwa Shilinde. Mwambie."

Asubuhi Nazari alitoka amejiandaa kusema. Akamkuta Shilinde mlangoni mwa kanisa amevaa shati jeupe jipya, anacheka meno yote nje. "Shikamoo, mzee wangu! Leo ndiyo leo!" Mzee akaitika marahaba, la kusema akaliacha. Ngoma zikapigwa, wakaingia.

Basi ikafika saa yenyewe. Kanisa limejaa, watoto wanachungulia madirishani. Mkono wa Shilinde uko begani. Padri akauliza, "Je, unamkataa Shetani?"

"Ninamkataa."

"Na kazi zake zote?"

Padri akarudia, akidhani mzee hasikii vizuri. Nazari akatoa sauti iliyofika mpaka nje.

"Baba Padri, ninazikataa. Lakini iko moja niliifanya kwa mikono yangu, na mwenye kuumia ndiye huyu aliyenishika."

Akageuka, akamtazama Shilinde usoni, akasema yote. Hakujipamba. Kamba niliikata mimi, si panya. Ndege niliwafukuzia kwako. Na jogoo wako nilimla.

Mkono ukatoka begani.

Shilinde akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, unajua baba yangu alipokufa sikwenda? Niliogopa. Nilisema, nilimzika mama shamba likaisha na njaa ikatukuta. Nikabaki kuamia ndege. Baba amezikwa na watu wengine." Akapita katikati ya mabenchi akatoka nje.

Hilo Nazari hakulijua. Alidhani alimwibia mwenzake mpunga tu. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu, mzee mzima, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepigwa, wala hakujali nani anamtazama. Febronia alitoka kwenye benchi na gauni lake jipya akaenda kupiga magoti karibu naye.

Padri alikuwa na kigango kingine kinachomngoja upande wa kijiji cha Mbingu, lakini hakutazama saa. Akakaa. Fridolin akaanzisha wimbo, ukafa, akaanzisha mwingine. Walikuwa kwenye wimbo wa tatu au wa nne Shilinde aliporudi, macho mekundu, shati limelowa kwa maji ya bomba aliyonawia uso. Akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya mzee.

"Padri, endelea," akasema. "Mkono nitauweka. Moyo bado uko njiani."

Akauweka. Haukuwa umetulia safari hii. Ulitetemeka, na Nazari akaona mkono huo ndio anaostahili. Maji yakamwagwa. Ndoa ikabarikiwa. Na wakati wa komunyo, Febronia hakukunja magoti. Alitembea katikati ya kanisa, na kina mama wa jumuiya yake wakapiga vigelegele hata Padri akasubiri viishe.

Tungesema hadithi imeishia hapo kwa pilau, lakini moyo wa mtu si debe la maji kwamba unageuza tu. Tangu siku ile Shilinde hakumwamkia Nazari. Wakikutana anasema "Habari," basi, anapita. Hakumnunia, hakumsema kwa watu. Ila shikamoo ile ya asubuhi haikusikika tena, na mzee alikuwa akipanda kwenye dungu mapema, akitega sikio, akishuka amenywea. Aliyekuwa akiikwepa sasa aliililia.

Mpunga ulipoanza kukomaa, akamwendea nyumbani kwake.

"Nenda Maswa," akamwambia. "Kaone kaburi la baba yako. Shamba lako nitaliamia mimi."

Mke wa Shilinde alicheka kicheko cha uchungu. Hata wewe ungecheka. Shilinde alimtazama mzee, akauliza, "Wewe?"

"Mimi. Sina mwingine wa kumtuma, maana sikumtuma mtu siku ile."

Kesho yake Shilinde alifajiri na mfuko wake, akapita kando ya shamba, akaenda kupanda basi.

Nazari akafunga kamba mpya, akaongeza makopo, akahamia kwenye dungu la Shilinde. La kwake alimwachia Febronia, na Febronia mabega hayamruhusu kuvuta kamba kama zamani. Kwelea wakaja. Mzee alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, akarusha madonge ya udongo, akala ugali amesimama. Akiwaona ndege wametua upande wa kwake, mguu ulimwasha kushuka. Hakushuka.

Shilinde alirudi jioni moja, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alipita kwenye mpunga wake akiushika kwa viganja, suke kwa suke, umejaa. Kisha akatazama ng'ambo, kwa Nazari, ambako kona nzima ilikuwa imebaki mabua.

"Na la kwako?" akauliza.

"Ndege nao wanakula," mzee akajibu kwa sauti iliyokwaruza. "Umeliona kaburi?"

"Nimeliona. Nimelipalilia, nimelia, nimewaambia ndugu zangu habari zako." Shilinde akapanda ngazi ya dungu, akaweka mkono begani mwa mzee. Mkono ulikuwa umetulia. "Shikamoo, mzee wangu."

Nazari alikuwa ameingoja tangu Januari. Akafungua kinywa aitike, akatikisa kichwa, machozi yanamshuka.

"Usinipe mimi hiyo. Baba wa ubatizo ni baba. Shikamoo."

Shilinde akaangua kicheko. "Marahaba, mwanangu!"

Wakashikana, wakacheka, wakalia, dungu likalalamika chini yao, mpaka kutoka ng'ambo wakasikia sauti ya Febronia.

"Nyie wanaume! Ndege wametua!"