Koti Langu Nyuma ya Jani la Boga

Haya ninayoandika hutayaamini, na sikulaumu. Mke wangu mwenyewe alikuwepo na mpaka leo anabisha. Ni habari ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Kidevu. Si kwamba kidevu chake kina kasoro, la hasha. Anafanya kazi kwenye studio ya picha ya baba yake, na kutwa utamsikia: "Inua kidevu, mama. Kidogo tu. Hapo hapo, usipumue." Ameinua videvu vya mji huu wote, hata vya watu wasio na shingo.

Picha za vitambulisho ndizo zinazowalisha, lakini roho ya mtoto iko kwenye majani. Majani ya mimea! Tena hayapigi picha kama wapigavyo watu wenye akili zao. Yeye hulielekea jua uso kwa uso, jani likae katikati, liwake kama taa. Kwa baba yake, shemeji yangu, hayo ni matusi. Studio ameiendesha kwa sheria moja tu: jua mgongoni kwa mpigaji, usoni kwa mpigwa.

"Picha ya kulielekea jua ni picha iliyoharibika," humwambia.

"Baba, nipe dirisha la mbele, japo wiki moja."

Dirisha hilo ndilo ugomvi wenyewe. Tangu studio ifunguliwe limekaliwa na bibi harusi mmoja, amepauka mpaka shela na uso vimekuwa rangi moja. Mwenyewe siku hizi ana wajukuu. Mwishowe shemeji akachoka kubishana.

"Leta picha moja ya jani isiyo na kasoro hata chembe. Nikikosa la kusema, dirisha lako. Nikilipata, sitaki tena kusikia habari za majani humu ndani."

Kesho yake asubuhi Kidevu akaja kwangu mbio.

"Mjomba, lile koti lako jeusi la harusi bado lipo?"

"Lipo, na mwenye koti yupo."

"Livae uje. Nakuhitaji kwenye picha."

Nikasema moyoni, mtoto kapata akili. Shule mimi niliiacha ikiwa bado inanihitaji, lakini uzuri wangu haukuwahi kutaka cheti. Nikanyoa, nikapaka mafuta, nikafika nyuma ya studio kwenye uzio uliotambaliwa na maboga.

"Chuchumaa hapo, nyuma ya jani hili. Chini zaidi, jua lipite juu ya kichwa chako."

Nikachuchumaa. Nikainua kidevu, nikaachia tabasamu lile lililonipatia mke.

"Mjomba, kidevu shusha."

Maishani mwake hajawahi kumwambia mtu hivyo!

"Kimekukosea nini?"

"Kinang'aa. Nataka koti tu. Jani linataka giza nyuma yake."

Basi mtu mzima na heshima zangu nikawa pazia. Ningeondoka kwa hasira, ila magoti yalishakataa kuinuka. Na kwa upande wangu lilikuwa jani tu, lenye vumbi na matundu ya wadudu. Ndipo akaniita nitazame kwenye kamera. Weee! Mishipa imetawanyika kama mito inayotafuta bahari, vinyweleo vya ukingoni vinawaka kama uzi wa fedha, na kila tundu limekuwa kijua kidogo. Nikasahau hata kununa.

Picha ilipochapishwa, shemeji akaipokea, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akaikagua kona hadi kona. Kidevu alikuwa anatafuna kucha. Ghafla mzee akacheka.

"Nimekupata! Umeacha vumbi hapa."

Akatoa leso, akafuta. Halikutoka. Akapuliza. Akakwangua kwa ukucha.

"Baba, huyo ni mdudu. Yuko upande wa pili wa jani, unaona kivuli chake."

Na mzee akaigeuza picha! Haki ya nani, fundi wa picha tangu mimi nina nywele, anamtafuta mdudu mgongoni mwa karatasi! Kidevu akaziba mdomo. Mimi sikuziba wangu.

Shemeji alipoacha kuona haya, akaingiza mkono dirishani, akamtoa bibi harusi.

"Umesimama sana, mama," akamwambia. "Kapumzike." Kisha akamgeukia binti yake. "Haya, weka jani lako. Na lisije likapinda."

Kidevu alimrukia baba yake shingoni mpaka miwani ikaanguka.

Sasa nenda ukalitazame dirisha lile. Ukitaka kuniona, angalia pale usipoona kitu: giza lote lile, kulia na kushoto, ni mimi. Na siku ya kwanza, ndugu yangu, watu walifurika, barabara ikafungwa, basi likashindwa kupita, askari akapuliza filimbi mpaka ikaishiwa sauti, na yeye mwenyewe alipoliona lile jani akavua kofia, akauliza mwenye koti ni nani, nami nikamjibu kwa upole kwamba—

"Mjomba!" Kidevu huyu hapa, kasimama nyuma ya kiti changu, anasoma. "Basi lipi hilo? Alisimama mama mmoja tu, akauliza kama tunauza maboga!"