Filta Inayoingia Darubini Yoyote

Muuzaji wa vifaa vya kamera pale mjini aliniapia: "Boss, hii filta inaingia darubini yoyote." Ni kioo kinachopitisha mwanga wa kijani wa oksijeni peke yake na kuzuia taa za jiji, na kwetu Uthiru taa ni nyingi kuliko watu. Nikaifunga, ikaingia sawasawa. Wiki nzima nikapiga picha za mawingu ya gesi angani yanayotoa mwanga huo, na kila picha ikatoka nyeusi kama tako la sufuria ya matanga.

Niliporudi dukani alinicheka mbele ya wateja. "Mzee, filta iko sawa. Wewe ndio hujui kupiga."

Mimi! Mimi niliyesoma fizikia masomo ya jioni hadi mlinzi akazoea kunifungia darasani! Nilichemka mpaka miwani ikashika ukungu. Darubini yangu ni fupi, mdomo mpana, inakusanya mwanga haraka, kwa hiyo mwanga huifikia filta ukiwa umeinama. Filta yake ilitengenezewa mwanga ulionyooka.

Nikamwambia aishike mbele ya balbu.

"Unaona rangi gani?"

"Kijani."

"Sasa iinamishe."

Akainamisha, kijani ikageuka bluu. Akainyoosha, akainamisha tena, kicheko kimemkauka.

"Filta iliingia," nikasema, "oksijeni ndiyo iliyobaki nje. Nipe ile ya darubini za haraka, na uwaambie hawa wateja kwamba najua kupiga."

Filta alinibadilishia. Hayo maneno mengine bado nayangoja.